Sumu ya Jani la Kiazi, na Mdudu Asiyeiogopa

Katika nchi zetu za milimani, tangu Usambara na Uporoto mpaka Limuru na Kigezi, viazi vya Ulaya vimekuwa chakula cha nyumba nyingi. Watoto huvipenda, wagonjwa hupewa, na mkulima huvipeleka sokoni apate fedha za matumizi yake. Lakini ni wachache wanaojua ya kuwa mmea huu unaotulisha ni mmea wenye sumu; tena sumu hiyo haimo bure, bali ni ngao ya mmea wenyewe juu ya wale wautafunao. Leo napenda kuwasimulia habari ya ngao hiyo: jinsi watu wa kale walivyoipunguza ili wapate kula, jinsi mdudu mmoja mdogo alivyoishinda, na jinsi wataalamu walivyotafuta kuuvika mmea silaha nyingine, hata mara moja nusura wajidhuru wenyewe.

Kwanza yafaa tuwajue jamaa za mmea huu, maana jina la viazi laweza kutudanganya. Viazi vitamu ni ukoo mwingine kabisa, na majani yake, yaani matembele, ni mboga njema. Viazi vya Ulaya ni ndugu wa mnavu, nyanya, bilinganya, pilipili na tumbaku. Tazama ua la kiazi, kisha tazama ua la mnavu, utaona yamefanana kama watoto wa baba mmoja. Kwa hiyo mtu asichume majani ya viazi vya Ulaya akayapika akidhani ni matembele ya namna nyingine. Majani hayo yana sumu, na hata mifugo huweza kudhurika nayo.

Sumu hiyo ilijulikana kwa wataalamu kwanza katika mnavu. Mwaka 1820 Mfaransa mmoja mtengeneza dawa, jina lake Desfosses, alitoa katika matunda ya mnavu wa Ulaya kitu kichungu, nacho kikaitwa solanini kwa jina la Kilatini la ukoo huo. Baada ya miaka michache kitu kile kile kikaonekana katika viazi. Siku hizi twajua kwamba katika viazi vya kawaida zimo hasa sumu mbili zifananazo, solanini na chakonini. Kazi yake ni ya namna mbili. Huharibu ngozi nyembamba sana inayozunguka kila chembe ya mwili, na tena huvuruga kazi ya mishipa ya fahamu. Mtu akila nyingi huumwa na tumbo, hutapika na kuhara, na kichwa humwuma. Ikizidi sana aweza hata kufa.

Lakini tazameni jinsi mmea ulivyoigawanya sumu yake. Nyingi imo katika maua na machipukizi, na katika majani pia. Katika ngozi ya kiazi ipo, na katika nyama yake ya ndani imo kidogo tu. Ni kama mji uliowekewa walinzi langoni, wala si vyumbani. Mmea hauna miguu ya kukimbia wala mikono ya kupiga. Hukaa pale pale ulipopandwa, na kila mwenye meno aweza kuufikia. Silaha yake ni uchungu wa jani lake. Panzi au kiwavi mgeni akionja, mara nyingi huacha akaenda kutafuta chakula kingine. Na asipoacha, hudhoofika.

Basi sasa twende kwenye asili yake. Twaviita viazi vya Ulaya, lakini Ulaya si kwao. Kwao ni milima ya Andes katika Amerika ya Kusini, na watu wa pande za ziwa Titicaca, lililo mpakani mwa Peru na Bolivia, walianza kuvilima maelfu ya miaka iliyopita. Viazi vya mwitu vya milima ile ni vidogo, na vingi ni vichungu mno. Wakulima wale wa kale walionja na kuchagua. Kilichokuwa na uchungu mdogo wakakipanda tena, wakafanya hivyo kizazi baada ya kizazi, hata vikapatikana viazi vinavyoliwa bila madhara.

Walakini si vyote walivyovibadili. Katika nyanda za juu kabisa, penye kimo cha mita kama 4,000, baridi ya usiku huua viazi vya kawaida, na namna zilizo chungu ndizo zinazostahimili. Watu wa huko wakaacha uchungu ukae shambani, wakatafuta namna ya kuutoa nyumbani. Viazi huvitandaza nje usiku wa baridi kali vikaganda. Mchana jua huviyeyusha. Kisha huvikanyaga kwa miguu ili maji yatoke. Namna nyingine huvilowesha katika maji yapitayo kwa siku nyingi, halafu huvikausha. Chakula hicho huitwa chuño, nacho chaweza kuwekwa miaka bila kuoza. Tena Waaymara wa nchi ile huchovya viazi vichungu katika rojo la udongo maalumu, wakala. Na udongo huishika ile sumu isipate kuingia mwilini. Hata sisi twajua jambo linalofanana na hili kidogo, kwa kuwa mama zetu wengi huchemsha mnavu na kumwaga maji ya kwanza ili kupunguza uchungu.

Hapa pana jambo la kuangaliwa. Njia za watu wa Andes zilikuwa mbili. Njia moja ilikuwa kuupunguza uchungu katika mmea wenyewe. Njia ya pili ilikuwa kuuacha mmea na ngao yake, na kuiondoa sumu jikoni. Wahispania walifika Peru mwaka 1532, na kabla ya karne ile ya 16 kwisha viazi vilikuwa vimekwisha fika Ulaya. Vilivyoenea duniani vilikuwa vile vya njia ya kwanza, vilivyo laini kwa mlaji. Kutoka Ulaya vikapelekwa Amerika ya Kaskazini, na mwishoni mwa karne ya 19 vikafika katika nchi zetu. Majani yake yalikuwa yangali na sumu, ya kutosha kumfukuza mdudu asiyeizoea. Lakini palikuwapo mahali duniani mdudu aliyeizoea, na viazi vilikuwa havijakutana naye.

Mdudu huyo ni mbawakawa mdogo, urefu wake kama sentimita 1, mwenye rangi ya manjano, na mgongoni ana mistari 10 myeusi. Kwao ni Mexico na nyanda zilizo chini ya milima ya Rocky katika Marekani. Mtaalamu wa wadudu Thomas Say alimwandika na kumpa jina mwaka 1824, wala hapakuwa na mtu aliyemwogopa wakati ule, maana alikuwa akila mmea wa mwitu wenye miiba, usio na faida kwa watu. Mmea huo nao ni wa ukoo wa viazi. Basi mababu wa mbawakawa huyu walikuwa wamekula majani machungu ya ukoo ule tangu zamani zisizohesabika, na matumbo yao yakapata nguvu ya kuistahimili sumu. Walikuwa kama mvutaji wa tumbaku wa siku nyingi, asiyekohoa kwa moshi umtoao mgeni machozi.

Hata wakulima wa Marekani walipozidi kuhamia upande wa magharibi, walichukua na mbegu za viazi. Shamba likamfuata mdudu mpaka mlangoni pake. Akaacha ile miiba, akaingia katika majani mapana na laini. Mwaka 1859 viazi vililiwa vibaya katika nchi ya Nebraska, magharibi ya mji wa Omaha, na kutoka hapo mbawakawa akaanza safari ya kurudi mashariki, shamba kwa shamba. Mwaka 1874 alikuwa amefika pwani ya bahari ya Atlantiki. Yaani kwa miaka 15 alipita maili zaidi ya 1,000. Mwaka 1877 alionekana Ujerumani, akaangamizwa upesi. Lakini mwaka 1922 alipatikana Ufaransa karibu na mji wa Bordeaux, na mara hiyo hakuondoka tena. Tangu hapo ameenea katika sehemu kubwa ya Ulaya na kuingia Asia.

Madhara yake yaeleweka kwa hesabu hii. Jike mmoja hutaga mayai kama 300 mpaka 800. Kila buu, mpaka akomae, hula majani yenye eneo la sentimita za mraba kama 40. Naye mbawakawa mzima hula kama 10 kila siku. Wakizidi shambani hubaki mashina matupu, na shina lisilo na majani haliwezi kujaza viazi ardhini.

Wakulima wakaona ya kuwa ngao ya mmea imeshindwa, wakaamua kuushika mkuki wenyewe. Katika miaka ya 1860 walianza kunyunyiza unga wa kijani uliokuwa ukitumika kutengenezea rangi, ambao ndani yake mna aseniki, sumu kali ya kuua watu pia. Mdudu alikufa, lakini watu wakawa wametandaza shambani sumu ya hatari kuliko ile ya jani. Mwaka 1939 Paul Müller wa Uswisi akagundua nguvu ya DDT ya kuua wadudu, na mbawakawa huyu alikuwa miongoni mwa wadudu wa kwanza kujaribiwa kwa dawa hiyo. Dunia ilishangilia, na mwaka 1948 Müller akapewa tuzo ya Nobel. Lakini furaha haikudumu. Mwaka 1952, katika kisiwa cha Long Island karibu na New York, walionekana mbawakawa wasiodhurika na DDT. Tangu wakati huo mdudu huyu amezizoea dawa zaidi ya 50 za namna mbali mbali. Wataalamu wengi hudhani ya kuwa sababu mojawapo ni ule mafunzo wa kale: tumbo lililojifunza kushinda uchungu wa jani lilikuwa limekwisha pata nusu ya elimu ya kushinda dawa za watu.

Ndipo wengine wakageuka kuutazama tena mmea wenyewe, wauulize una silaha gani nyingine. Mwaka 1972 Clarence Ryan na mwenzake T. R. Green, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington katika Marekani, walitoa habari ya ajabu. Mbawakawa alipotafuna jani moja la kiazi au la nyanya, mmea ulitengeneza kitu kinachofunga kazi ya tumbo la mdudu, asiweze kusaga vema nguvu ya chakula alichokula. Tena kitu hicho hakikuonekana katika jani lililojeruhiwa tu, bali na katika majani mengine ambayo hayajaguswa. Wahenga walisema, la mgambo likilia kuna jambo. Basi jani lililoumwa ndilo lililopiga mbiu, na mji mzima ukashika silaha. Mwaka 1991 Ryan na wenzake walimpata mpiga mbiu mwenyewe katika majani ya nyanya, kitu kidogo sana walichokiita sistemini, nacho huamsha ulinzi huo. Kwa hiyo tusidhani ya kuwa mmea ni kitu kilicholala. Hauna sauti, lakini unajua ukiumwa.

Lakini palikuwa na swali gumu. Ikiwa viazi vya mwitu vina ngao kubwa kuliko viazi vyetu, je, haiwezekani kuwaoza viazi vya nyumbani na ndugu zao wa mwitu, ili watoto warithi ngao ile? Yawezekana, na mara nyingi imefanywa kwa kutafuta nguvu ya kushinda magonjwa. Hatari yake ni kwamba mrithi hachagui urithi wake. Huweza kupewa mali na deni pamoja.

Deni hilo lilionekana katika kiazi kilichoitwa Lenape. Kilitolewa kwa wakulima wa Marekani mwaka 1967, na katika mababu zake palikuwa na kiazi kimoja cha mwitu cha Amerika ya Kusini kiitwacho kwa Kilatini Solanum chacoense. Waliokizalisha hawakutafuta sumu. Walitafuta kiazi kigumu chenye maji machache, kifaacho kukatwa vipande vyembamba na kukaangwa, tena kistahimilicho magonjwa. Na yote hayo waliyapata. Kilikuwa kizuri kwa macho na kizuri katika mafuta. Kisha huko Guelph katika Kanada, A. Zitnak na G. R. Johnston wakapima uchungu wake. Viazi vya kawaida huwa na sumu hizo kama miligramu 8 katika kila gramu 100, na mpaka uliokubaliwa ni 20. Lenape ilikuwa nayo kama 30. Mwaka 1970 kiazi hicho kikaondolewa sokoni. Uchungu wa mwitu ulikuwa umerudi, lakini haukurudi katika jani peke yake. Ulirudi mezani pa watu. Tangu hapo wataalamu wa Marekani na wa nchi nyingine wakaona lazima kiazi kipya kipimwe sumu yake kabla ya kutolewa, kisipendwe kwa umbo na ladha tu.

Je, ndiyo kusema mwitu hauna jema? Sivyo. Katika ule ule ukoo wa Solanum chacoense imo mimea michache yenye sumu nyingine iitwayo leptini. Richard Kuhn na Irmentraut Löw, wataalamu wa Heidelberg katika Ujerumani, ndio walioieleza katika miaka ya 1950. Halafu katika miaka ya 1980 wataalamu wa Beltsville, Maryland, walionyesha ya kuwa mbawakawa asiyejali solanini huikataa leptini. Akiwekwa juu ya majani hayo hupendelea njaa. Na lililo kubwa zaidi, leptini hukaa majanini, wala haimo katika kiazi. Hiyo ndiyo ngao iliyo mahali pake, langoni wala si chumbani. Kazi ya kuipitisha katika viazi vya nyumbani haikuwa nyepesi, maana watoto wa ndoa hizo huipata kidogo kidogo, nao huweza kurithi uchungu mwingine usiotakiwa. Kwa hiyo imetaka miaka mingi ya kuoza, kupanda, kuonja na kutupa.

Ngao nyingine ilipatikana katika kiazi cha mwitu cha Bolivia kiitwacho Solanum berthaultii. Majani yake yana vinyweleo vya namna mbili. Vingine ni virefu, na ncha zake zina tone la kunata. Vingine ni vifupi, na vichwa vyake hupasuka vikiguswa, vikatoa maji ambayo yakipata hewa huwa mazito na kukauka. Mdudu apitaye hapo hunasa kama ndege juu ya ulimbo wa mtegaji, miguu ikashikwa na mdomo ukazibwa. R. W. Gibson wa Rothamsted, Uingereza, alieleza mwaka 1971 jinsi vidukari wanavyonaswa hivyo. Na mwaka 1983, pamoja na John Pickett, alionyesha jambo jingine: majani hayo hutoa harufu ile ile ambayo vidukari wenyewe huitoa kuwaonya wenzao wakishambuliwa. Kidukari akiisikia hudhani ndugu zake wanaliwa, naye hukimbia. Huko Chuo Kikuu cha Cornell, New York, waliwaoza viazi hao wa vinyweleo na viazi vya nyumbani, na kwa muda wa miaka mingi wakapata viazi ambavyo majani yake huwachosha mbawakawa, na chakula chake hakina uchungu.

Basi, ndugu wasomaji, habari hii yatufundisha nini? Yule mbawakawa mwenye mistari 10 hajakaa katika nchi zetu za Afrika Mashariki, nasi tushukuru kwa hilo. Lakini mmea ni ule ule, na sumu ni ile ile. Kiazi kikipigwa na jua hugeuka kuwa kijani. Ule ukijani wenyewe si sumu. Lakini mwanga unaouleta huamsha na sumu pamoja nao, maana kiazi kilichotoka nje ya udongo hujiona hatarini. Kwa hiyo mkulima avifunike viazi vyake kwa udongo vikiwa shambani, na nyumbani aviweke gizani penye baridi. Mpishi akate sehemu zote za kijani na machipukizi yote, na kiazi kilichokuwa kijani sana au kilicho kichungu ulimini akitupe. Asitumaini kwamba moto utamsaidia, maana kuchemsha hakuiondoi sumu hii. Hasa awaangalie watoto, kwa kuwa miili yao ni midogo, na kiasi kisichomdhuru mtu mzima huweza kuwadhuru wao. Na mchuuzi aanikaye viazi juani sokoni tangu asubuhi hata jioni ajue ya kuwa anawaharibia wateja wake chakula.

Tena kuna fundisho la pili, nalo lahusu kila mmea tulimao. Kila mara binadamu anapolainisha chakula chake, hukilainisha kwa wadudu pia. Akiondoa ngao ya mmea, hana budi kuusimamia yeye mwenyewe, kwa jembe, kwa mkono wa kuokota wadudu, au kwa dawa. Na dawa tumeona jinsi zinavyozoeleka. Lakini akirudisha ngao bila kupima, huweza kujichoma kwa mkuki aliokusudia adui. Watu wa Andes waliyajua yote mawili zamani sana. Shambani waliacha uchungu ufanye kazi yake, na jikoni hawakuuacha upite. Nasi tunaponunua mbegu mpya ya viazi, tusiulize tu ni kubwa kiasi gani au inazaa magunia mangapi. Tuulize pia: nani aliyeionja kwanza, na nani aliyeipima?